Printa Inayochagua Ndoa

Printa za lebo za Dymo LabelWriter hazitumii wino wala tona. Zinapasha tu moto karatasi inayobadilika rangi, kama risiti za dukani. Ungedhani basi karatasi ni karatasi. Thubutu! Toleo la 550, lililotoka 2021, limefundwa likafundika: kila roli halali ina chipu ya RFID, na printa lazima iisome kwanza. Isipoiona, haichapi. Umeme upo, joto lipo, karatasi ipo, ila bibi harusi kakataa kuvua ushungi.

Wenyewe wanasema ni huduma: mashine itajua ukubwa wa lebo na idadi iliyobaki. Ahsanteni sana. Maana tuliteseka mno, tukitazama roli kwa macho haya tuliyozaliwa nayo.

Na kama ni kuzuia bandia, sawa: mwenye kubandika nembo ya mwenzake kwenye boksi ni mwizi, ashtakiwe. Lakini roli ya kampuni nyingine, iliyoandikwa jina lake waziwazi, imeghushi nini? Chipu haitofautishi mwizi na mshindani. (Huenda hilo ndilo lililoipatia kazi.) Lexmark, watengenezaji wa printa, walitangulia na chipu zao kwenye katriji za tona, wakawashtaki Static Control waliouza chipu mbadala, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaliondoa zuio walilokuwa wamepewa.

Na mjanja anayepanga kuhamishia chipu halali kwenye roli ya bei nafuu, pole: kila lebo ikitoka, chipu inahesabu.