Kanisa Liliombea Kadi Yangu ya Grafiki

Jumapili iliyopita kanisa zima, kwaya ya akina mama ikiongoza, lilinyoosha mikono kuelekea kompyuta ninayoihudumia na kuikemea. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, si kwa ibada, bali nikitafuta herufi m. Tangu siku hiyo sipiti sokoni hapa Likasi, Katanga, bila kuulizwa kama mashini imepona.

Kompyuta hiyo ndiyo inayoonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Usiku wa Jumamosi mfumo wake wa Linux ulijisasisha, asubuhi kompyuta ikawaka, ikaonyesha nembo, kisha giza. Projekta ndiyo skrini yake pekee, kwa hiyo kila nilichokiandika kilitokea ukutani kwa herufi zenye kimo cha mtoto. Nikaizima na kuiwasha, nikafungua menyu ya kuwashia, nikabonyeza e, nikashuka hadi mwisho wa mstari wa kiini (kernel) cha Linux, nikaandika neno la uokoaji: nomodeset. Ukutani ikatokea no;odeset. Nikafuta, nikaandika polepole, kidole kimoja kimoja. No;odeset.

Kibodi zetu ni za Kifaransa, zile za AZERTY. Lakini menyu ile, GRUB, huamka kabla ya kila kitu, na kama hujaielekeza vingine inajua mpangilio wa Kimarekani tu. M yetu iko kulia kwa L. Mahali hapo Mmarekani ana nuktamkato. M yake yeye iko penye mkato wetu. Jambo hilo nalijua vizuri kabisa nikiwa nyumbani, peke yangu, na chai mezani. Mbele ya waumini wanaosubiri pambio, vidole havina elimu. Watoto wa shule ya Jumapili wakaanza kusoma ukuta kwa sauti: “No odeset! No odeset!” Mama mmoja wa mstari wa mbele alidhani ni lugha za rohoni, akaitikia amina.

“Ndugu, acha kwanza,” Pasta akasema kwa upole. “Tuombe.”

Wakaomba, tena kwa nguvu. Katikati ya maombi nikaupata mkato, m ikatokea, nikabonyeza Ctrl na X. Picha ikaja sambamba na amina ya mwisho. Kigelegele kilichopigwa hakikuwa changu.

Inasikitisha, maana kilichotokea ndani ya sanduku lile kinavutia kuliko muujiza. Kadi ya grafiki ni kompyuta ndani ya kompyuta: ina kichakata chake, mara nyingi na kumbukumbu yake, na lugha ambayo baadhi ya kampuni zinazoitengeneza hazimfundishi mtu. Kiini cha Linux huzungumza nayo kupitia piloti, yaani programu ya kuiendesha kadi, na piloti hiyo hutengenezwa kwa toleo moja mahususi la kiini, kwa sababu watunzi wa Linux hawaahidi kwamba viungo vya ndani vitabaki vilivyo. Kiini kikibadilika, piloti ya jana haiingii. Ndipo inapokuja programu ya DKMS, iliyobuniwa na watu wa Dell mwaka 2003. Ni kama fundi cherehani anayeishi ndani ya mashini na kushona suruali upya kila mwenye nyumba anaponenepa. Kitambaa chenyewe, ile sehemu ya siri ya piloti, amekabidhiwa kimefungwa. Anaruhusiwa kushona pindo tu. Usiku ule umeme ulikatika, sindano ikiwa bado kwenye pindo.

Nomodeset, kwa upande wake, haitengenezi chochote. Mwaka 2009 kiini cha Linux kilianza kujipangia skrini chenyewe. Neno hilo hukiambia kisiiguse, picha ibaki kama mashini ilivyoipanga ilipowaka. Picha hiyo ni pana, nzito, na maandishi yake yamevimba. Wazee wa mbele walifurahi: leo tunasoma bila miwani! Wameomba ibaki hivyo.

Jumatatu sauti ikatoweka. Jumatano mashini ikalala usingizi isiamke. Habari za printa tuziache.

Mwaka 2012, katika chuo kikuu nchini Ufini, Linus Torvalds mwenyewe, baba wa Linux, aliionyesha kampuni moja ya kadi hizi kidole cha kati mbele ya kamera. Wengi walicheka. Huku kwetu kicheko kinafika kikiwa kimechacha, na sababu iko ndani ya kadi zenyewe: shaba. Mwaka 1997 IBM ilitangaza kutumia shaba badala ya alumini kwenye nyaya za ndani ya chipu, na leo shaba imejaa katika kadi hizi. Viwanda vya Shituru, hapa hapa Likasi, vimeisafisha shaba tangu enzi za Wabelgiji. Shaba ya Katanga inatoka kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mpaka huo huo unatuletea kompyuta za okazio, zilizochokwa na ofisi za Ulaya. Kadi yetu haijaungua. Feni inazunguka, kumbukumbu ni nzima. Kilichokufa ni hamu ya mtengenezaji kuiandikia piloti mpya. Wanaojitolea katika mradi wa Nouveau, unaoandika piloti huru, wamelazimika kukisia lugha yake kwa kuichunguza kutoka nje, miaka na miaka, juu ya kitu ambacho mtu fulani amekiandika tayari na kukifungia kabatini.

Enyi watengenezaji, mkichoka kuihudumia kadi, iacheni. Ila chapisheni maelezo yake, na mafundi wa Likasi watamalizia.