Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: kuhusu mtoto asiyelia

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.



Kwetu Machame, anayemwendea mkubwa kwa jambo zito hushika jani la isale mkononi, na mkubwa aliyepelekewa isale huona vigumu kukataa. Kwa kuwa jani halikai vizuri kwenye bahasha, naomba lihesabiwe kuwa limefika. Naomba radhi pia kwamba barua hii haikupitia kwa Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu Kata na Mkurugenzi, kama utaratibu unavyotaka. Wote wana kazi nyingi, nami sikupenda kuwaongezea karatasi.

Kwanza nishukuru. Mwaka 2023 Wizara ilizuia watoto walio chini ya darasa la tano kulala bweni, labda kwa kibali maalumu. Wapo wenye shule walionung'unika, na wapo wazazi walionung'unika zaidi yao. Mimi nilifurahi, maana nilielewa kuwa Serikali imekubali kwamba mtoto mdogo humhitaji mtu wake kabla ya kuhitaji kitabu. Ninachoomba leo ni wazo hilohilo liruhusiwe kuvuka geti la shule ya kutwa.

Maana wapo wanaolala nyumbani na bado hawana mtu wao. Huku kwetu kuna vihamba vyenye bibi mmoja na wajukuu kadhaa, wazazi wakiwa Dar es Salaam, Arusha au machimboni Mererani. Naharakisha kusema kwamba kulelewa na bibi si ugonjwa. Bibi anayekaa na mjukuu wake ni ngome. Ninayemsemea ni mtoto aliyetoka kwa mama akapelekwa kwa shangazi, akarudishwa, akalelewa na dada wa kazi huyu na yule, na pengine kuna mahali alilia kwa njaa asije mtu. Desemba akaletwa mlimani kwa sikukuu. Januari magari yakashuka, yeye akabaki.

Mtoto wa namna hiyo, kama itampendeza Mheshimiwa kumtazama, huja kwa sura mbili. Mmoja huanguka uwanjani, goti likatoka damu, na hamwendei mtu. Ukimkaribia anakaza mwili. Mwingine humrukia kila mgeni. Akija mthibiti ubora wa shule, humshika mkono na kutaka kuondoka naye, na mgeni huandika kwamba watoto wetu ni wachangamfu. Shirika la Afya Duniani linayatambua yote mawili kuwa matatizo ya mafungamano ya mtoto na mlezi wake, yanayotokana na mtoto kutelekezwa vibaya katika miaka ya mwanzo. Ni matatizo adimu, na kuyapima ni kazi ya wataalamu wa hospitali. Siombi kila mtukutu apewe jina la ugonjwa. Ila watoto walioonja nusu ya machungu hayo si adimu, na mwalimu hahitaji cheti cha daktari ili aache kuwaongezea.

Asije akatokea mshauri akamwambia Mheshimiwa kuwa haya ni mambo ya Kizungu. Mary Ainsworth, mmoja wa waasisi wa elimu ya mafungamano, alianzia hapa jirani. Kati ya mwaka 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, tena na tena, akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutambaa mbali. Nami husema hivyo kuhusu kusoma: asiye na pa kukimbilia hathubutu kukosea herufi mbele ya watu.

Sasa fimbo, kwa ruhusa ya Mheshimiwa. Kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002 ni za kiungwana sana. Achape mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike. Na yote yaandikwe. Hakuna safu ya kuandika iwapo mtoto alilia. Huyu wetu halii. Basi anaambiwa ana kiburi, na asiyelia huchapwa kwa nguvu zaidi. Kumbe alishajua zamani kwamba watu wazima huumiza au huondoka, na sisi tumempa ushahidi mpya. Kumrudisha nyumbani "akalete mzazi", na mzazi yuko machimboni, ni adhabu ileile isiyo na fimbo.

Kinachomsaidia ni cha bei nafuu kiasi cha kutia aibu: mtu mmoja, yuleyule, kila siku. Katika shule moja ninayoifahamu, mtu huyo ni mama mpishi wa uji. Mtoto hupita jikoni kabla ya kwenda mstarini, anaulizwa amelalaje, kisha anakwenda darasani. Akikosea, anakalishwa karibu na mwalimu, hatolewi nje. Mama huyo akiwa na safari, humuaga mtoto siku moja kabla, na akirudi humtafuta. Mwalimu wa unasihi tunaye pia. Anafundisha hisabati madarasa mawili na kusimamia shamba la shule.

Kwa hiyo naomba mwalimu wa darasa la kwanza aruhusiwe kupanda na watoto wake hadi la tatu, na asihamishwe katikati ya mwaka. Najua uhamisho uko TAMISEMI, lakini nasikia mawaziri hukutana. La pili ni dogo zaidi. Wizara imeshasema kwamba mtoto wa darasa la nne ni mdogo mno kulala bweni. Naomba iseme kwamba ni mdogo mno kuchapwa. Kanuni zile zilitungwa na Waziri, na Waziri anaweza kuzibadili.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la pili, Machame.