Mabadiliko Yamezinduliwa, Chai Itakuwepo

Ofisini kwetu mabadiliko hayaanzi, yanazinduliwa. Kitu kikianza utakiona kinafanya kazi. Kikizinduliwa utakiona kwenye fulana. Nyumbani nina fulana za mabadiliko za kutosha kupigia deki mpaka nistaafu: ya "Mteja Kwanza", ya "Ofisi Bila Karatasi", na moja ya kijani ambayo maandishi yake yalifutika ilipofuliwa mara ya kwanza, hata leo hakuna anayekumbuka tulikuwa tunabadilika kuelekea wapi.

Hiyo "Ofisi Bila Karatasi" ndiyo imenitoa jasho. Zamani barua ilifika masjala, mzee wa masjala akaifungia kwenye faili, faili likapanda kwa bosi, bosi akaandika "Tuongee", likashuka. Polepole, ndiyo, lakini mwendo wake tuliujua. Siku hizi barua inaskaniwa, inaingia kwenye mfumo, mfumo unampelekea bosi. Bosi hasomi kwenye kompyuta, macho yanamuuma. Basi katibu muhtasi anaiprinti, anampelekea, bosi anaandika "Tuongee" kwa kalamu, inarudi kuskaniwa upya. Na faili la zamani? Lipo, linaendelea kujazwa, "kwa tahadhari". Mzee wa masjala, aliyetangaziwa kwamba kazi yake inakwisha, ameongezewa msaidizi.

Kabla ya hayo tulipelekwa semina hotelini. Mshauri mwelekezi akawasha projekta, akatusomea hatua nane za kuongoza mabadiliko za John Kotter, profesa wa Harvard, aliyeziandika mwaka 1995 baada ya kuzitazama kampuni zaidi ya mia moja zikihangaika kujigeuza. Nilimtafuta huyo Kotter nimsome mwenyewe, nijue nimlaumu kwa kiasi gani. Kumbe hana kosa. Yeye anasema dira usiyoweza kumweleza mtu kwa dakika tano akaielewa na akavutiwa nayo, haijaiva. Yetu ilielezwa kuanzia chai ya saa nne hadi chakula cha mchana, na swali pekee lilitoka kwa dereva: posho ni ya kulala au ya kurudi? Anaonya pia watu wasitangaze ushindi mapema. Sisi keki tuliikata siku ya uzinduzi, nywila hazijagawiwa. Hatua ya tano ni kuondoa vikwazo. Hiyo mshauri aliipita mbio, maana vikwazo vyenyewe vilikuwa vimekaa meza kuu, vinakunywa maji ya chupa.

Mambo yakikwama, wakubwa husema watumishi wanaogopa mabadiliko. Hapo ndipo damu inaponichemka. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilipoleta kontrol namba kwa malipo yake, watu walinung'unika, wakazoea. Leo hata babu anayelipia kiwanja chake anajua kwamba bila hiyo namba hakuna malipo. Hakufanyiwa semina wala hakupewa fulana. Alifika dirishani na noti zake akaambiwa hazipokelewi hapo, aende benki au alipe kwa simu. Njia ya zamani ilifungwa, na ile mpya ikawa inapitika.

Kwetu hakifungwi kitu. Tunaishi kama mtu aliyehamia nyumba mpya huku ya zamani anaendelea kuilipia kodi. Asubuhi naweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio, kisha nasaini daftari la mahudhurio, kisha natuma "nimefika" kwenye kundi la WhatsApp la idara. Nikimaliza kuthibitisha kwamba nimefika kazini, nimeshachelewa kuanza kazi.

Mtu mmoja tu katika jengo lile ameleta mabadiliko yakashika: mama wa chai. Alikuwa na daftari la madeni nene kuliko sera yetu ya rasilimali watu. Jumatatu moja tukafika, daftari halipo. Ukutani kuna karatasi yenye namba ya kulipia kwa simu, na yeye kasimama pembeni. "Baba, kwanza lipa, meseji ikiingia ndiyo nakumiminia." Wakubwa walijaribu ukubwa wao. Mmoja akasema atamalizana naye mwisho wa mwezi kama kawaida, mama akamjibu kwa adabu zote, "Shikamoo baba, chapati nazo zitakuja mwisho wa mwezi." Kufikia Ijumaa jengo zima linalipa kwanza, pamoja na yule bosi ambaye macho hayamruhusu kusoma barua kwenye kompyuta. Meseji ya muamala anaisoma bila miwani.

Habari zikafika juu. Wiki iliyopita Kamati ya Mabadiliko ilimwita mama wa chai, ikamwambia imemteua kuwa kinara wa mabadiliko wa taasisi, na kwamba atahudhuria vikao vyote. Akashukuru sana, akauliza vikao ni saa ngapi. Wakamwambia saa nne.

"Saa nne?" akasema. "Wanangu, saa nne si ndiyo nauza chapati?"