Msumeno Sebuleni

Dingdong yetu ilipoanza kukohoa moshi mweusi na kuzima katikati ya gogo, Baba Watoto hakununa hata kidogo. Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mwanamume anayepiga mluzi huku injini yake imekufa ana jambo, na jambo lenyewe nililijua kabla hajavua viatu: alikuwa amepata kisingizio cha kununua mashine mpya.

Kwa asiyeijua Mufindi, dingdong ndiyo mashine ya kupasulia mbao inayonguruma kila bonde la huku kwetu, kuanzia pembezoni mwa Shamba la Miti Sao Hill, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, hadi kwenye vishamba vya misindano vya wanakijiji. Ni injini ya dizeli, mkanda, meza ya chuma na msumeno wa duara. Inakokotwa hadi shambani, vijana wanasukuma magogo kwa mikono, kazi ikiisha inahamia kwa jirani. Fundi wa kuchomelea anaweza kuiunda, na vipuri vyake havikosekani Mafinga mjini. Ubaya wake ni kwamba haina huruma na vidole, na kwamba ina tumbo kubwa. Hilo la tumbo ndilo lililotugombanisha.

Biashara yetu ni ndogo. Tunanunua miti ikiwa imesimama, tunapasua mbili kwa nne, mbili kwa sita na moja kwa nane, wafanyabiashara wa Dar es Salaam wanakuja kubeba. Baba Watoto ni wa mashine, mimi ni wa daftari. Yeye anajua injini inasema nini. Mimi najua imekula nini.

Basi ukaanza msimu wa posa. Kila jioni alikuwa na mchumba mwingine kwenye simu. Kwanza alipenda dingdong kubwa zaidi, yenye injini ya nguvu maradufu. "Hii haizimi, Mama Watoto. Hii inakula gogo kama mkate." Wiki iliyofuata akahamia Australia, kwenye mashine ziitwazo Lucas Mill, ambazo gogo linabaki chini palepale lilipoangukia, fremu inafungwa juu yake, na msumeno wa duara ndio unaogeuzwa: mara unakata wima, mara ubapa.

Hilo la kugeuka alitaka tulione wote. Usiku ule aliuweka ugali katikati ya sinia, akashika kisu cha mboga, akatuita tusogee.

"Tazameni. Gogo halitikisiki. Msumeno unashuka hivi, halafu unalala, unapita hivi. Mbao hii hapa."

Akatoa ubao wa ugali ulionyooka kuliko zote tulizowahi kuuza. Watoto wakapiga makofi, kila mmoja akaagiza saizi yake: mkubwa mbili kwa nne, mdogo moja kwa nane. Mama mkwe, aliyekuwa amekwisha kunawa akisubiri, alitazama sinia likimalizika, kisha akasema kwa upole, "Baba, kama mbao zimekwisha, naomba hata mabanzi."

Mabanzi ndiyo yale maganda ya nje ya gogo yanayobaki baada ya mbao kutoka, na kwa kweli ndiyo yaliyokuwa yamebaki kwenye sinia. Tulipika ugali mwingine.

Nilimwuliza swali moja tu: magogo yetu yana unene gani? Mashine ile ya Australia ni hodari kwa gogo nene ambalo hata trekta linaligwaya. Badala ya kulipeleka gogo kwenye mashine, unaipeleka mashine kwenye gogo. Lakini wanakijiji wanaotuuzia miti hawasubiri mti unenepe. Ada ya shule ikifika, msindano wa miaka kumi unaangushwa, na gogo lake kijana mmoja analitia begani huku anaongea na simu. Hatukuwa na sababu ya kulijengea fremu.

Akanyamaza, akarudi kwa mchumba wa kwanza. Hapo ikabidi nimweleze habari za mama yake.

Mama mkwe alikuwa na biashara ya maranda. Alianza kwa kufagia unga wa mbao chini ya dingdong yetu ili asituchafulie uwanja, akatia kwenye magunia, akawapa wafuga kuku wa kutandika mabandani na akina mama wenye majiko ya maranda. Mwanzoni alitoa bure, kisha akauza. Msimu ambao mimi nilifunga daftari nikiwa sina hamu ya chakula, yeye aliezeka banda lake kwa bati jipya.

Nilichukua rula ya mtoto ya shule, nikaenda kwenye dingdong, nikapima njia inayoachwa na msumeno ndani ya ubao: milimita 7. Gogo likipitishwa mara 8, milimita 56 zimegeuka unga. Hizo ni zaidi ya mbao mbili za inchi moja, maana inchi ni milimita 25 na ushee. Msumeno wa mkanda, ule mwembamba unaozunguka kwenye magurudumu mawili, njia yake haifiki milimita 3. Mikato ileile 8 inakula milimita 20 hivi. Tofauti ni ubao mzima, kutoka kwenye gogo lilelile, kwa mti uleule tulioulipia.

"Kila gunia la mama," nikamwambia, "ni mbao ambazo hatukuuza."

"Mkanda ni wa polepole," akajibu. Na kweli, dingdong ikiwa na vijana wenye nguvu inautangulia. Lakini haraka ya kumjazia mama magunia ina faida gani? Na gogo jembamba ndilo linaloumia zaidi, kwa kuwa halina nyama ya kupoteza.

Mashine za mkanda zinazohamishika si ngeni duniani. Wood-Mizer wa Indianapolis, Marekani, wanazitengeneza tangu 1982, na siku hizi zipo za nchi nyingi, za bei kali na za bei nafuu. Baba Watoto akasema hawezi kuoa asiyemjua. Akaenda mjini kwa muuza vipuri, akarudi na bledi moja ya mkanda, aichunguze kwanza.

Naomba niieleze, kwa sababu sisi hatukuelezwa. Bledi ile ni utepe wa chuma wenye meno, mpana kama vidole viwili, mwembamba milimita moja hivi, umeungwa ncha kwa ncha ukawa duara. Urefu wake ukiuzungusha wote unakaribia mita 4. Ili ibebeke, kiwandani huikunja ikawa pete tatu na kuifunga kwa waya. Ikiwa imefungwa inaonekana kitu cha adabu, waweza kuitundika ukutani. Kumbe muda wote ule chuma kinasukuma kutoka ndani, kinasubiri.

Baba Watoto alikaa kwenye kochi, akaipakata, akaitisha koleo. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi la pili akichambua maharage. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai. Akakata waya.

Sauti yake ilikuwa kama bati linalopiga mbinja. Zile pete tatu zikawa duara moja kwa kufumba na kufumbua, na duara lile lilikuwa pana kuliko nafasi yote iliyokuwepo kati ya makochi na kabati. Upande mmoja ulinasa vitambaa vya makochi nilivyofuma kwa kroshia, ukaviinua vyote vitatu hewani. Upande wa pili ulipiga meza, ungo wa maharage ukamwagika hadi chini ya kabati la vyombo. Nilipoangalia tena, mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kochi, kanga ameikusanya, na miguu yake, ambayo kila asubuhi hutuambia haiwezi hata ngazi, ilikuwa imara kabisa.

"Mmeniletea joka ndani!"

Hakuna aliyekatwa, namshukuru Mungu. Lakini kuifungua bledi ni jambo moja, kuikunja ni jambo lingine. Baba Watoto aliifinya hapa, ikatokea kule. Aliikalia, ikamwinua. Mtoto mkubwa akatafuta video kwenye simu, tukamwona mzungu akiikunja kwa mkono mmoja huku anacheka. Baba Watoto akajaribu vilevile na kitambaa kimoja kikachanika. Chakula cha usiku tulikula uani.

Kesho yake alipita mtoto wa kaka yangu, aliyesomea Chuo cha Viwanda vya Misitu kule Moshi. Alipiga hodi, akamsalimu bibi shikamoo, akatazama sebule, akaomba glovu. Alikanyaga bledi kwa ncha ya kiatu, akashika juu kwa mikono miwili, akageuza viganja kwa ndani huku anainama, na lile joka likajilaza pete tatu miguuni pake.

"Mjomba," akamwambia Baba Watoto bila kumcheka, na adabu hiyo sitaisahau, "hii huwa haifunguliwi ndani ya nyumba."

Ndiye aliyetupatia mahali pa kuijaribu mashine yenyewe. Alimjua bwana mmoja wa kijiji cha jirani mwenye msumeno wa mkanda, akakubali kutupasulia kwa malipo. Baba Watoto, kwa kutaka kuiheshimu mashine, hakupeleka msindano. Alipeleka saiprasi iliyoangushwa na upepo nyuma ya nyumba, mti alioupanda marehemu baba yake.

Ubao wa kwanza ulitoka laini mpaka bwana mwenyewe akaupapasa. Wa pili vilevile. Wa tatu ulipofika katikati, mashine ikatoa mlio, meno yakaruka, bledi ikakatika. Tulipopasua kwa shoka tukakuta waya umelala ndani ya mti, umemezwa na miaka. Mama mkwe akauchukua, akaukunja kidoleni, akautazama sana.

"Huu ni waya wa antena ya redio ya mzee."

Ikabidi tukae chini tusikilize. Waya ule marehemu aliufunga kwenye saiprasi apate kuivuta stesheni vizuri. Ulipopotea akamshuku shemeji yake, kaka wa mama mkwe, na watu wale wawili hawakunywa pombe pamoja tena hadi mzee anazikwa. Kumbe mwizi alikuwa mti.

"Mwite mjomba wako," mama mkwe akamwamuru mwanawe. "Aombwe radhi."

Mjomba alikuja, akaombwa radhi kwa jogoo, na bledi tukailipa. Somo likawa ghali lakini likaeleweka: dingdong ikikutana na msumari inapoteza jino, inanolewa, inaendelea, mkanda hausamehe. Hausamehe chuma, wala mchanga ulionasa kwenye gamba la gogo lililoburutwa. Ukiwa butu haukatai kazi, unakubali halafu unakutolea mbao zenye mawimbi. Utomvu wa msindano nao unaugandia, isipokuwa ukidondoshewa maji muda wote. Na haunolewi kwa tupa chini ya mti. Unataka mashine yake ya kunolea, na bledi za kubadilisha, ili moja ikikata nyingine inapumzika.

Safari hii tulirudi na misindano yetu wenyewe, tumechagua magogo yanayolingana na kuyagawa marundo mawili, moja la mkanda, jingine la dingdong iliyokwisha kutengenezwa. Nilihesabu mimi, kwa chaki. Yako magogo ambayo hayakuonyesha tofauti. Lakini mengi ya rundo la mkanda yalizidi kwa ubao mmoja, na unene wa mbao ulikuwa mmoja toka kichwani hadi miguuni. Dingdong ilimaliza mapema, na Baba Watoto hakulisema hilo kwa sauti.

Tukachukua ya mkanda, ya kuzungusha kwa mkono. Ile yenye mikono ya haidroliki ya kunyanyulia magogo aliitazama kwa macho ya huzuni, lakini magogo tunayobeba begani hayahitaji kunyanyuliwa kwa mafuta, na bomba likipasuka shambani fundi wake yuko mbali. Pesa iliyobaki ilikwenda kwenye bledi, mashine ya kunolea na mipira ya maji. Dingdong hatukuiuza. Imewekwa kibandani, inachana kingo za mbao, kazi isiyohitaji ubishi. Na imeandikwa kwenye daftari langu kwamba bledi hufunguliwa uwanjani, na mtoto wa kaka yangu.

Nilidhani mambo yamekwisha. Mwezi haukupita mama mkwe akaitisha kikao. Alikuja na gunia moja, halijafika hata nusu, akaliweka katikati yetu.

"Hili ndilo la wiki nzima," akasema. "Wafuga kuku wananidai."

Baba Watoto akamweleza habari za milimita, taratibu, kama nilivyomweleza yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akadai apewe mabanzi yote, ya mashine zote mbili, na asikatwe chochote. Tulitazamana, tukakubali. Alipokuwa anasimama akatuambia:

"Mlifanya vikao vyote vile bila kumwita mtu pekee aliyekuwa anapata faida."