Mbili Pointi Sita: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Udahili

Kwa: Kamati ya Udahili wa Shahada za Uzamili, Kitivo cha Uhandisi

YAH: UTHABITI WA KAMATI MBELE YA GPA YA 2.6

Udahili wa shahada ya uzamili ya uhandisi nchini Tanzania umesimama juu ya namba moja: GPA, yaani wastani wa pointi za shahada ya kwanza, ya 2.7. Katika mizani ya pointi 5 inayotumiwa na vyuo vikuu vingi nchini, 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Mwenye 2.7 huhesabiwa kuwa anafundishika. Mwenye 2.6 amefaulu, amevaa joho na kupigiwa vigelegele, lakini kwa Kamati huyo amefika mwisho wa reli.

Namba hiyo hupatikana hivi. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti zake, jumla yake ikagawanywa kwa krediti zote. Kinachobaki baada ya tarakimu ya kwanza ya desimali hukatwa, hakikadiriwi. Achukuliwe mhitimu wa miaka minne mwenye krediti 480 na pointi 1,288. Jibu ni 2.683, na cheti kinasema 2.6. Mwaka wa kwanza alianguka hesabu, somo la krediti 8, akafanya mtihani wa marudio, yaani sapu, na kupata 57, alama ambayo siku nyingine ingekuwa B. Kwa kuwa katika vyuo vingi sapu haivuki C hata mtu akipata mia, aliandikiwa C. Angeandikiwa B, pointi zingekuwa 1,296 na GPA 2.7 kamili. Mwaka wa nne mradi wake ulipata A, lakini A hiyo haikufua dafu mbele ya sapu ya zamani.

Kamati inastahili pongezi. Mhandisi hufundishwa mapema kwamba hakuna kipimo kisicho na kosa: mchoro wa shafti huonyesha kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua, na nguzo hubuniwa kubeba zaidi ya mzigo unaotarajiwa. Kamati, yenye wahandisi watupu, imevumbua kipimo kisichokosea hata kwa nukta.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijafikia ukali huo. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, anayetaka kuwa mhandisi mtaalamu hudaiwa shahada inayotambuliwa na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu. Kwa hiyo mhitimu wa 2.6 anaweza kusajiliwa, akapewa muhuri, akaugonga kwenye mchoro wa daraja ambalo mabasi ya mikoani yatapita usiku na mchana. Asichoruhusiwa ni kuketi darasani kujifunza zaidi jinsi madaraja yanavyobuniwa. Roho za abiria anaweza kukabidhiwa. Kiti cha mhadhara hapana.

Ni kweli kanuni zimeacha milango. Stashahada ya uzamili, kwa kawaida ya mwaka mmoja, humwezesha mwenye pasi kuomba tena. Vyuo kadhaa pia huruhusu kuangalia alama za masomo ya fani inayoombwa, uzoefu wa kazi na utafiti. Milango hii huandikwa kwenye kitabu cha kanuni, na tangazo la udahili likatoka bila kuitaja. Mwombaji hukusanya barua za wadhamini, barua ya mwajiri na maelezo ya utafiti anaoukusudia, kisha mchujo ukaishia kwenye namba ya kwanza. Ada ya maombi hulipwa kabla ya sifa kukaguliwa, na hairudishwi. Hapo, na hapo tu, 2.6 haijawahi kukataliwa.

Ili uthabiti wa Kamati ukamilike, kila daraja nchini liwekewe kibao chenye GPA ya aliyegonga muhuri, ili abiria mwenye wasiwasi ateremke avuke kwa mtumbwi. Wadhamini nao waarifiwe mapema kwamba barua zao hutumika kunenepesha faili.

Endapo hatua hizo zitaonekana kupita kiasi, kanuni zilizopo zinatosha. Tangazo litaje stashahada ya uzamili na uzoefu wa kazi palepale linapotaja 2.7. Matokeo yasomwe mwaka kwa mwaka, na mradi uangaliwe kabla ya sapu. Asiye na sifa kabisa aambiwe kabla ya kulipa.

Waombaji wa 2.6

Nakala:
Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa taarifa
Mhasibu wa ada za maombi, kwa ukarimu wake wa kutobagua