Maji ya Kiirua Hayafiki Mia

Watu wakirudi kutoka ng'ambo huleta chokoleti, viatu, simu iliyotumika kidogo. Mpwa wangu amerudi kutoka Hangzhou, alikosomea uhandisi kwa ufadhili wa China, akatuletea majani. Majani ya chai! Meru! Kaunti yenye viwanda vya Kinoro, Imenti, Githongo, Kionyo, Igembe na Michimikuru imeletewa sanduku la chai kwa ndege, na kijana akatozwa faini ya mzigo uliozidi uzito. Nilipomuuliza kama hakuona duka lolote la suruali huko China, akanijibu kwamba suruali zimejaa Gikomba.

Hapa Kiirua hatulimi chai, nikiri mapema kabla shemeji yangu wa Githongo hajanisuta. Tuko upande mkavu wa Kirimaara, yaani Mlima Kenya. Mawingu humwaga mali yao yote kwa watu wa Imenti, yakitufikia yamebaki upepo unaoteremka kwenda Isiolo na vumbi letu. Sisi ni watu wa waru, vitunguu, ngano na ng'ombe wa maziwa. Lakini usinifundishe chai. Nimekula mshahara wa ghala la chai Shimanzi, Mombasa, mpaka nikastaafu. Nimehesabu mifuko ya madaraja ya PF1 na BP1 ikisubiri mnada hadi nikawa naiota usiku. Nimewaona waonja chai wakifyonza kijiko kwa kishindo ambacho mtoto wangu angekifanya mezani ningemchapa, kisha wanatema kwenye ndoo na kutaja bei kwa dola. Kwa hiyo kijana aliponiita Jumapili baada ya misa na kusema, "Anko, njoo nikufundishe chai," nilienda nikiwa nimekunja uso tayari.

Juu ya meza palikuwa na sinia ya mianzi yenye mianya, bakuli dogo lenye kifuniko, na vikombe vinavyotosha kumpimia mtoto dawa ya kikohozi. Mama watoto alivitazama, akauliza kama vile vikubwa viko njiani.

"Chai za China ni aina sita," kijana akaanza. "Kuna ya kijani, ya njano, nyeupe, oolong, nyekundu na nyeusi."

"Ya kutia maziwa ni ipi?" mama watoto akauliza.

Kijana alifumba macho, akameza mate, akaendelea. Nyekundu yao ndiyo hii yetu nyeusi, ya strungi. Nyeusi yao ni kitu kingine kabisa, nitakifikia, maana ndicho kilichotuletea matata.

Mmea wenyewe ni mmoja, uwe Hangzhou au Githongo. Wazungu walikaa miaka mingi hawaamini. Hata Linnaeus, bingwa wa kuipa mimea majina, aliandika kana kwamba chai ya kijani ina mti wake na nyeusi ina wake. Mwaka 1848 kampuni ya Kiingereza iliyotawala India ilimtuma Mskoti Robert Fortune aingie ndani ya China kuiba miche na ujuzi. Alinyoa kichwa, akavaa mkia wa nywele za bandia na kanzu ya Kichina, akapita vijijini akijifanya mtu wa mkoa wa mbali. Akajionea kwamba jani ni lile lile. Akaona pia wafanyakazi wa kiwanda wakiwa na vidole vya buluu, kwa kuwa chai ya kijani iliyokuwa ikienda Ulaya na Marekani ilipakwa rangi ili wateja wairidhie ukijani wake. Watu wamelipa bei ya juu wanywe rangi, halafu mimi ndiye nisiyejua chai kwa sababu natia maziwa.

Tofauti yote iko kwenye kile kinachofuata baada ya kuchuma. Mkulima yeyote wa Kiirua anaijua kazi hiyo bila kuambiwa. Menya waru, uiache kwenye sahani, uende kufukuza mbuzi shambani. Ukirudi imegeuka kahawia. Jani la chai lina kimeng'enya cha ukoo ule ule. Likiumizwa na kukutana na hewa, linaanza kugeuka. Aina za chai ni jibu la swali moja tu: umelizuia jani saa ngapi?

Anayezuia mara moja anapata chai ya kijani. Huko kwa wenyeji wa mpwa wangu wanaiita Longjing. Jani hutiwa kwenye karai la moto, na mtu hulikandamiza kwa kiganja kitupu, bila glavu, mpaka linalala bapa. Joto linakiua kile kimeng'enya na ukijani unabaki. Bei kubwa ni ya jani lililochumwa kabla ya sikukuu ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, likiwa bado changa mno. Nilionja. Ina harufu ya njugu zilizokaangwa na ladha ya mboga. Si mbaya. Ila ukimpa fundi anayekujengea ukuta, kesho hatakuja.

Chai nyeupe, ile ya Fuding yenye chipukizi tupu zenye manyoya ya fedha, ni ya watu wavivu kwa ustadi: huchuma, huianika inyauke, huikausha, basi. Ya njano ni ya kijani iliyofunikwa ikiwa na joto na unyevu ili ilainike, na hata huko China ni adimu, kwa hiyo mpwa wangu alituonyesha pakiti akairudisha sandukuni.

Oolong ndiyo iliyonichosha. Hii huachwa igeuke nusu njia. Wanaitikisa, wanaipumzisha, wanaitikisa tena usiku kucha, ili kingo za jani ziumie na kuwa nyekundu huku katikati kukibaki kijani. Ile ya Anxi, Tieguanyin, huviringwa iwe vidonge, na ukiimwagia maji inajikunjua hadi bakuli linafurika. Ya milima ya Wuyi huitwa Da Hong Pao, na hapo kijana aliteremsha sauti. Kuna vichaka vichache vya kale kwenye ufa wa jabali. Mwaka 2002 mtu alilipa yuan 180,000 kwa gramu 20 za chai ya vichaka hivyo. Gramu 20 ndizo mama watoto hutia kwenye sufuria mashemasi wakija. Siku hizi vichaka hivyo havichumwi tena, vinalindwa.

Nilikuwa karibu kucheka, nikajizuia. Mmeru hana haki ya kucheka mambo hayo. Nenda Maua au Kangeta uone wazee wakibishana juu ya miraa: hii ni giza, ile ni alele, hii imetoka kwenye mbaine, mti uliopandwa na babu wa babu, bei yake si ya kila mtu. Mtu anapindua kijiti kimoja kwenye mwanga dakika nzima. Ukimletea muguka wa Embu anakuuliza kama una ng'ombe. Sisi ujuzi huo tumeumalizia kwenye miraa. Chai tukaiachia sufuria.

Na hapo ndipo kinyongo changu kinapoanzia, maana jani letu halipewi nafasi ya kusema lolote. Mbegu zilizopandwa Limuru mwaka 1903 zilitoka India, na mashine tunayoitegemea ilibuniwa huko huko Assam mwaka 1930 na mtu aitwaye William McKercher. Ni rola mbili zenye meno zinazozunguka kwa kasi tofauti. Jani linapita katikati, linapondwa, linachanwa, linatoka limeviringika punje. Saa chache tu baadaye ni strungi. Mkulima wa Imenti huchuma majani mawili na chipukizi kwa uangalifu wa mkunga, halafu kiwanda kinayasaga, tunayapeleka Mombasa, wanunuzi wakubwa wa Pakistan wanayachukua, na sisi tunajisifu kwamba hakuna nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi kutuzidi. Ni kweli. Kwa miaka yote ya Shimanzi sikuwahi kufungua mfuko nikakuta jani lenye umbo la jani. Tangu 2011 kuna mche wa zambarau, TRFK 306, uliotoka kwa watafiti wa Kericho, na viwanda vichache hutengeneza chai ya kuviringwa bila kusagwa. Lakini iulize kwenye hoteli ya stendi hapa Kiirua uone utakavyotazamwa.

Lakini hoteli ya stendi ni afadhali kuliko wale mama wa chama wanaouza "chai ya Kichina ya kupunguza tumbo". Jirani mmoja alimuuzia mama watoto boksi lenye picha ya joka. Alikunywa vikombe viwili, akaujua usiku ule mlango wa choo cha nje kuliko fundi aliyeutengeneza. Nilipomwonyesha mpwa wangu boksi lenyewe, akasoma maandishi madogo: sanamaki. Sanamaki! Dawa ya kuharisha inayouzwa kwa vipimo vya kikombe Marikiti, Mombasa, tangu zama za mababu, na ambayo asili yake ni huku huku kwetu, Sudan na Somalia na Uarabuni. Imezungushwa, ikavalishwa joka, ikarudi kutuchokoza kwa bei mara kumi.

Turudi mezani. Mpwa wangu alimwaga maji ya kwanza. Yote. Kisa, ya kwanza ni ya kuosha jani. Mama watoto, aliyezaliwa katika nyumba ambamo majani yalichemshwa hadi yaombe msamaha, alisimama akaenda kuangalia kuku.

Nyekundu ilipokelewa vizuri kidogo, hasa ile inayokaushwa kwa moshi wa msonobari huko Tongmu, Wuyi. Mama mkwe, aliyekuwa kimya kwenye kona, alionja akasema, "Hii imepikwa kwa kuni mbichi." Akaongezewa. Kwa maelezo ya kijana, hiyo huhesabiwa kuwa mama wa chai zote za strungi duniani, na bibi ya miaka themanini na kitu ameitambua jikoni mwake bila pasipoti.

Kisha ikaja nyeusi yao, pu'er ya Yunnan. Ni keki ya mviringo ya gramu 357, ngumu, inachongwa kwa kisu kama unapasua kuni za jiko. Jani hulundikwa likiwa na maji, likafunikwa, likaoza kwa adabu wiki kadhaa. Mbinu ya kuliozesha haraka ilianzia Kunming mwaka 1973, kabla ya hapo watu walikuwa wakiiweka stoo miaka na miaka. Inanuka zizi baada ya mvua. Hii, akasema kijana, inataka maji ya nyuzi mia moja kamili, asilani pungufu.

Akachomeka kipimajoto chake kwenye sufuria. Maji yakachemka. Akatazama. Nyuzi 94. Akaongeza gesi. Maji yakarukaruka, mfuniko ukacheza, mvuke ukafunga dirisha. Nyuzi 94. Akakipangusa kipimajoto kwa shati, akakirudisha. Kijana wa uhandisi, digrii imefungwa kwenye fremu, anabishana na mlima! Nilimwacha ahangaike, kisha nikamkumbusha kwamba Hangzhou iko karibu na bahari na sisi tuko kwenye mbavu za Kirimaara, na huku juu maji hayafiki mia hata uyatishie.

Ndipo nilipotoa turufu yangu. Pale ghalani nilikuwa na bosi mmoja aliyesoma sana, na yeye ndiye aliyenieleza kwamba keki kama hizo zilibebwa kwa farasi hadi Tibet, ambako watu huzipiga na siagi na chumvi, na kwamba Wamongolia, hata wale walio ndani ya China yenyewe, huchemsha chai ya matofali pamoja na maziwa ndani ya sufuria moja. Maziwa, kijana. Ndani ya China. Hong Kong nao wana ya kwao ya maziwa ya kopo, na wanaionea fahari.

Mpwa wangu alijaribu kusema kwamba hiyo ni mila ya wafugaji. Nikamwonyesha ng'ombe wetu kupitia dirishani.

Mama watoto alirudi haraka kuliko alivyoondoka. Maziwa ya asubuhi yakaingia, keki ikavunjwa kipande kwa nyundo, tangawizi ikatwangwa. Ilitoka chai nzito, ya rangi ya udongo wa Imenti, na kila mtu akanywa kwa kikombe cha bati. Kila mtu isipokuwa shemeji.

Shemeji yangu ana shamba la chai Githongo, na tangu aingie alikuwa amekataa kila kitu. Ya kijani aliionja akasema haijaiva. Nyeupe aliitazama akasema karani wa kituo chao angemfukuza mtu anayeleta chipukizi tupu. Sasa akaweka kiko chake chini, akauliza swali lake la kwanza.

"Na hao wakulima, bonasi yao hutoka mwezi gani?"

"Hawana bonasi, anko," kijana akajibu. "Wale niliowaona karibu na Hangzhou hubeba majani mabichi sokoni asubuhi. Mnunuzi ananusa, wanapatana, analipa."

"Analipa lini?"

"Pale pale."

Shemeji, ambaye kila mwaka huanza kuihesabu bonasi ya Oktoba tangu Februari, na ambaye makato ya kiwanda huyajua kwa kichwa, alitafakari kidogo. Kisha akakisogeza mbele kile kikombe cha dawa ya kikohozi alichokuwa amekidharau.

"Hebu nitilie tena ile ya kijani," akasema. "Na usitie maziwa."