Nasaha kwa Wenye Pete: Majibu kwa Barua za Mpakani

Barua zilizotufikia mwezi huu, kuanzia Namboboto hata Malaba, mintarafu ya tabia zinazoidhoofisha ndoa ya Kikristo, ningeweza kuzijibu zote kwa waraka mmoja, maana katika waandishi wake hayumo hata mmoja aliyeomba dawa ya tabia yake mwenyewe. Lakini kwa staha ya safu hii nimechagua tatu.

*Mume wangu ni mzee wa kanisa. Kila jioni yuko kwenye busaa. Nikimwonya, hujibu kuwa yeye ni mtu wa sheria, na kwamba Paulo alimruhusu Timotheo. — Mama Mvumilivu, Namboboto.*

Mama, salamu zako nimezipokea kwa taadhima. Kusema haki, mumeo ni mtu wa sheria kwelikweli: sheria ya vileo ya mwaka 2010, hiyo iitwayo ya Mututho, iliweka saa kumi na moja ya jioni kuwa mwanzo wa kuuza pombe siku za kazi na saa tano ya usiku kuwa mwisho, naye, kwa maelezo yako, hajapata kukikaribia chungu kabla ya saa ile wala kukiaga kabla ya saa hii, utiifu ambao tungefurahi kuuona katika karo za watoto pia. Ama huyo Timotheo, aliambiwa divai, tena kidogo, tena kwa ajili ya tumbo. Mrija mrefu wa kumwezesha mzee kuketi kwa raha mbali na chungu, akinywa huku akipanga serikali ijayo, Paulo hakuutaja.

Usimfuate kilabuni kumfedhehesha, kwani mwanamume aliyefedheheshwa mbele ya wenzake wa mrija amekwisha kupewa sababu mpya ya kunywa. Mwulize nyumbani, mchana, akiwa ameshiba, ni kitu gani anachokikimbia ifikapo jioni. Na jibu likiwa ni deni, au ni kule kununa kwako kulikoanza Krismasi, usikatize maneno yake. Lakini kama mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka azimue, basi kadhia hii imepita uwezo wangu na wa padri: mfikisheni hospitali, Nangina si mbali, wala msimlazimishe kuacha ghafla, kwa kuwa mnywaji wa miaka mingi anyimwapo pombe kwa siku moja aweza kushikwa na kifafa na hata kufa.

*Mke wangu huipekua simu yangu nikilala. Ndoa takatifu ni kuaminiana. Mkanye. — Mume Mwaminifu, Malaba.*

Bwana, ninamkanya: anayepekua usiku hupata ya kutosha kumkosesha usingizi, asipate ya kutosha kujua. Hata hivyo umekiri kwa mkono wako kuwa unazo laini mbili, na kwamba ile ya Uganda hulia baada ya saa nne ya usiku kwa sababu ya malori. Foleni ya malori hapo Malaba naifahamu, nayo hukesha. Ila sijapata kusikia lori lililouliza kama umekula. Laini hiyo ikilia tena, ipokee ukiwa umeketi karibu na mkeo, kwa sauti.

*Mke wangu huamka saa tisa ya usiku kuomba, na katika maombi huyataja makosa yangu yote kwa sauti hata majirani husikia. — Mkeshaji, Namboboto.*

Ndugu yangu, wale watu wa Uamsho, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda na Kenya, walisimama mbele ya mkutano wakaungama dhambi, aghalabu mume mbele ya mkewe na mke mbele ya mumewe. Lakini kila mmoja aliungama zake. Mkeo ameishika nusu ya mila hiyo, na nusu aliyoishika ndiyo nyepesi. Hata hivyo usijifunike blanketi. Amka, upige magoti ubavuni pake, uitikie amina kwa kila shtaka la haki, kisha uanze kuungama yako kabla hajakutangulia. Na lile la paa linalovuja, ambalo waandika kuwa amelipeleka mbinguni tangu masika, pambazuko likifika tafuta ngazi na misumari.